Kikopo cha Mkojo Kisichoombwa

Mwezi Novemba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania, na miezi michache baadaye, mwaka 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata. Tangu hapo habari za figo nchini zimekuwa zaidi habari za mashine na za upasuaji: mkoa fulani umefungua chumba cha kusafisha damu, hospitali fulani imeongezewa vitanda, mgonjwa fulani amepewa figo na ndugu yake bila kusafiri kwenda India. Ni habari njema, na anayezibeza hajawahi kumwona mtu aliyevimba uso akihangaika kupata pumzi usiku kucha, huku mashine ya karibu ikiwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Hata hivyo, lipo swali ambalo halijapata nafasi katika hotuba za uzinduzi. Kati ya wagonjwa wote wa shinikizo la juu la damu na kisukari waliohudhuria kliniki mwezi uliopita, ni wangapi waliopewa kikopo wakaombwa walete mkojo?

Swali hilo linaonekana dogo mbele ya mashine ya mamilioni ya shilingi, nalo ndilo linaloamua idadi ya watakaoihitaji mashine hiyo. Ugonjwa sugu wa figo hauanzi siku mgonjwa anapovimba miguu. Huanza miaka kumi, pengine ishirini kabla, katika mwili usio na maumivu, na katika miaka hiyo mgonjwa huwa anapita mbele ya wahudumu wa afya mara kwa mara: anapimwa presha, anapewa vidonge, anaambiwa arudi baada ya mwezi. Figo zake zinaharibika akiwa kliniki, mbele ya watu wenye uwezo wa kuziokoa, kwa sababu hakuna aliyezipima.

Ukimya wa figo una sababu zake. Kila figo, yenye uzito wa takribani gramu 150 na ukubwa wa ngumi, ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Moyo huzipelekea figo zote mbili kiasi cha sehemu moja ya tano ya damu unayoisukuma, na kutoka katika damu hiyo huchujwa kama lita 180 za majimaji kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini, isipokuwa lita moja au mbili zinazotoka kuwa mkojo. Kiungo chenye akiba kubwa namna hiyo huweza kupoteza vichujio vingi bila mwenye nacho kuhisi lolote, kwa kuwa vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa. Huibeba kwa kuchuja chini ya msukumo mkubwa zaidi, na msukumo huo huvichakaza navyo. Ndiyo maana ugonjwa ukishapita kiwango fulani huweza kuendelea wenyewe hata pale chanzo chake cha kwanza kilipokwisha. Anayesubiri maumivu ya kiuno yamjulishe kwamba figo zina tatizo huenda akasubiri bure. Maumivu mengi ya kiuno hutoka katika misuli na mifupa ya mgongo, na figo nyingi zilizokufa hazikuwahi kuuma.

Habari za mapema hutoka katika mkojo. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Hospitali ya Guy's, London, alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao ulipowekwa katika kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa uliganda. Alipochunguza miili ya waliofariki aliziona figo zao zimeharibika. Kilichoganda ni albumini, protini ya damu ambayo kichujio kizima hakiiruhusu kupita ila kwa kiasi kidogo mno. Miaka karibu 200 baadaye, kijiko na mshumaa vimekuwa kijiti chembamba kinachochovywa katika mkojo na kubadilika rangi ndani ya dakika moja au mbili, bila umeme, bila sindano, bila daktari bingwa.

Kijiti hicho si kigeni katika vituo vya afya vya Tanzania. Mjamzito anayehudhuria kliniki huombwa mkojo na mkojo huo hupimwa protini, kwa kuwa kila muuguzi amefundishwa kukiogopa kifafa cha mimba. Lakini ukivuka uwanja wa kituo hichohicho ukaingia kliniki ya presha na kisukari, mara nyingi utakuta watu wengi katika mabenchi, mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari, na hutakuta kikopo. Hoja ya kwamba vituo havina uwezo inadhoofika mtu akiona kuwa kazi ileile inafanyika mita ishirini upande wa pili. Na hata huko kwa wajawazito kazi hukatwa katikati. Mwanamke aliyepata presha na protini katika mimba hujifungua, hushukuru Mungu, huruhusiwa kurudi nyumbani, ilhali inajulikana kwamba ana hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa figo katika miaka ya mbele. Mtoto akishamaliza chanjo zake, hakuna anayemwita mama huyo tena.

Wahudumu wana majibu yao, na si yote ya kupuuzwa. Vijiti huisha na kuchelewa kuletwa. Tabibu mmoja akiwa na wagonjwa hamsini kabla ya saa saba mchana, kila hatua ya ziada ni mtu mmoja atakayeondoka bila kuonwa. Tena kijiti kina mipaka: homa, mazoezi mazito, maambukizi ya njia ya mkojo au damu ya hedhi huweza kuleta protini ya muda, hivyo jibu moja halitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, na ugonjwa wa figo hauitwi sugu mpaka kasoro idumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Kinyume chake, albumini ikiwa kidogo kijiti cha kawaida kinaweza kisiione, na hapo hospitali yenye maabara nzuri hupima uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalohalalisha kutopima kabisa. Kipimo cha presha nacho hupanda mgonjwa akiwa na hofu au akitembea haraka. Wahudumu hurudia kupima, hawakitupi.

Pale ambapo damu inapimwa, lipo tatizo jingine lisilozungumzwa vya kutosha. Jibu la kreatinini hurudi kutoka maabara likiwa na kiwango cha kawaida kimechapwa pembeni. Namba ikiwa ndani ya kiwango au imezidi kidogo tu, mgonjwa huambiwa figo ziko vizuri. Kreatinini hutoka katika misuli, na watu hawalingani misuli. Chukua namba moja, maikromoli 110 kwa lita. Ikiwa ni ya kijana wa kiume mwenye miaka 25, hesabu inayotumika sasa kimataifa, ile ya mwaka 2021, itampa uwezo wa kuchuja wa kama mililita 82 kwa dakika, jambo lisilotisha sana kama mkojo wake ni safi. Ikiwa ni ya mama wa miaka 65, hesabu hiyohiyo itampa kama 48, maana yake amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya akiba yake na anastahili kufuatiliwa kwa karibu. Maabara moja, namba moja, watu wawili walio mbali sana kiafya, na wote wawili huenda wakaambiwa neno lilelile. Hesabu hiyo inahitaji umri, jinsia na kreatinini tu, na simu yoyote ya kisasa inaweza kuifanya. Maabara inayotoa kreatinini bila kuandika uwezo wa kuchuja imefanya nusu ya kazi, na tabibu anayeipokea bila kuuliza amekubali nusu hiyo.

Kupima kungekuwa udadisi mtupu kama kusingekuwa na la kufanya baada ya jibu. Lipo, tena la zamani. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliokuwa na protini katika mkojo. Waliopewa kaptopri walipunguziwa karibu nusu ya hatari ya kufariki au kufikia mashine na upandikizaji, wakilinganishwa na wenzao ambao presha yao ilitibiwa bila dawa hiyo. Kaptopri, enalapri na losatani hulegeza mshipa unaotoka katika kichujio, hivyo hushusha ule msukumo unaovichakaza vichujio vilivyobaki. Si dawa za ajabu wala za ghali, na majina yake yanajulikana katika hospitali za wilaya. Siku hizi zimeongezewa kundi lililoanza kama dawa za kisukari, ambamo mna dapagliflozini na empagliflozini. Mwaka 2020 ilionekana kwamba dapagliflozini hupunguza kasi ya ugonjwa wa figo hata kwa wasio na kisukari, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hilo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mwenye protini katika mkojo, wataalamu wengi hulenga presha iliyo chini ya 130 kwa 80, akiweza kuistahimili. Mgonjwa asiyepimwa mkojo huenda akapewa dawa nyingine ya presha, nzuri kwa namba za presha lakini isiyovipa vichujio kinga hiyo, na hakuna atakayejua kwamba alikosa kitu.

Hapa ndipo inapokutwa imani moja ambayo huenda inaua figo nyingi kuliko vinywaji vyote vinavyolaumiwa mitaani. Ni imani kwamba dawa za presha huharibu figo.

“Mama, dawa unaendelea nazo?”

“Nimeziacha, daktari. Jirani yangu alikuwa anameza hizihizi, leo anasafishwa damu.”

Mazungumzo ya namna hiyo anayafahamu kila mhudumu wa kliniki. Mama huyo hakukosa akili. Ameona mambo mawili yakifuatana akaunganisha. Jirani alikuwa na presha, alimeza dawa, figo zikafa. Asichoonyeshwa ni jambo la katikati, yaani presha iliyozigonga figo kwa miaka mingi kabla dawa haijaanza, na tena ikaendelea kuzigonga kila mara dawa zilipoachwa kwa kuwa kichwa kimeacha kuuma. Kumfokea hakusaidii. Kunasaidia kumwekea namba mbele: mkojo wako mwaka jana ulikuwa na protini kiasi hiki, mwaka huu umeshuka kiasi hiki, na kilichobadilika katikati ni hivi vidonge. Mgonjwa asiyepimwa hana ushahidi wa kuishinda hadithi ya jirani, na mhudumu wake hana pia.

Ni haki kuongeza kwamba imani hiyo ina chembe ya ukweli, na kuificha kunawavunjia wahudumu imani. Kaptopri na wenzake huweza kupandisha kreatinini katika wiki za kwanza. Kupanda kusikozidi asilimia 30 kwa kawaida hakuhitaji kuacha dawa; kukizidi hapo, au potasiamu ikipanda, sababu itafutwe. Kwa hiyo damu ipimwe wiki mbili hadi nne baada ya kuanza dawa. Dawa hizi hazifai kwa mjamzito. Na mgonjwa anayeharisha au kutapika sana awasiliane na kituo chake mapema, kwa sababu mwili uliokaukiwa maji ukiendelea kupewa dawa hizo pamoja na za kuongeza mkojo huweza kuziumiza figo katika siku chache. Maneno hayo huchukua dakika mbili kuyasema, na kuyaeleza kwa uwazi humtuliza mgonjwa kuliko kumwambia kwamba dawa haina madhara.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kana kwamba presha na kisukari ndivyo vyote. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 hauruhusu. Watafiti waliwapima watu wazima katika makazi yao wakakuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7: asilimia 15 mijini na 2 vijijini. Kati ya waliokutwa nao, kama mmoja tu katika kumi ndiye aliyekuwa akijua. Na karibu nusu yao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Nusu hiyo haiwezi kupatikana katika kliniki ya presha hata vikopo vikigawiwa kwa kila mtu. Baadhi yao huenda walirithi udhaifu wa figo, wengine waliwahi kuumwa figo ghafla wakati wa malaria kali, kuharisha au uzazi mgumu, na wengine wanaishi penye kichocho, ambacho kikiachwa bila prazikwanteli huacha makovu katika kibofu na kuziba mirija ya mkojo. Wapo pia waliofikia hapo kupitia dirisha la duka la dawa.

“Kaka, nipe ya mgongo.”

“Ya mia tano au ya elfu, mama?”

Hakuna anayeulizwa kama ana presha, anameza dawa gani nyingine, au mgongo huo umeuma kwa muda gani. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya kazi nzuri kwa siku chache kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine. Lakini huzuia kemikali ambayo figo huitegemea kuuweka wazi mshipa unaoingiza damu katika kichujio, hasa mwili unapokuwa na upungufu wa maji. Kwa mzee anayemeza losatani na dawa ya kuongeza mkojo, kidonge hicho cha tatu hufunga njia ya kuingilia wakati dawa nyingine imelegeza ya kutokea na ya tatu imepunguza maji yenyewe. Mbeba mizigo sokoni, dereva wa bodaboda, mkulima wa mpunga, mama lishe anayesimama tangu alfajiri: hawa humeza dawa hizo kila siku kwa miezi, kazi ikiwa ndiyo chanzo cha maumivu na kazi hiyohiyo ikiwa ndiyo isiyowaruhusu kupumzika. Kuwaambia waache bila kuwapa kingine ni kuwakejeli. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo, dawa ya kuchua husaidia baadhi ya maumivu, na mgongo unaouma miezi mitatu unahitaji kuchunguzwa. Mtoa dawa katika duka la dawa muhimu amefunzwa na anasajiliwa, kumtaka aulize maswali mawili, “Una presha au kisukari? Unatumia dawa gani nyingine?”, si kumpa mzigo asioweza kuubeba.

Mitishamba inastahili kauli ya uadilifu. Wengi huitumia, na kuilaani yote kwa pamoja huwafanya wagonjwa waifiche. Ila asili ya dawa haithibitishi usalama wake. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walieleza juu ya wanawake ambao figo zao zilikufa baada ya kutumia dawa za kupunguza uzito zenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya figo inayosababisha pia saratani ya njia ya mkojo. Wanawake hao hawakuwa vijijini wala hawakukosa hospitali. Ugonjwa ulitambuliwa kwa sababu madaktari waliuliza walikuwa wakitumia nini. Swali hilo liulizwe katika kila kliniki, kwa sauti isiyo na hukumu, na jibu liandikwe.

Juu ya maji yamesemwa mengi kupita kiasi. Ushauri wa kunywa lita nyingi kila siku ili “kuziosha” figo umeenea, na hauna nguvu unayopewa. Jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 liliwashauri wagonjwa wa figo waongeze maji kwa mwaka mzima, na kasi ya figo kudhoofika haikupungua ikilinganishwa na ya wenzao. Anayefanya kazi juani anywe maji ya kutosha kabla ya kiu kumzidi. Mwenye mawe ya figo anywe zaidi. Ambaye figo zake zimeshindwa kutoa maji asijijaze, maana yatamwingia mapafuni. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana huonywa navyo kila kona, vina sukari nyingi na havina sababu ya kusifiwa, lakini kelele zinazovihusu zimempa mtu wa miaka hamsini asiyevigusa amani asiyostahili.

Chumvi ni jambo zito zaidi na halina kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na ni rahisi kuipita bila kugusa kopo la mezani. Imo katika papa na nguru wa chumvi wa pwani, katika vidonge vya mchuzi, katika mkate, katika chipsi za jioni. Magadi yanayolainisha maharage na mlenda nayo yana sodiamu, na mgonjwa aliyeambiwa “punguza chumvi” bila kutajiwa magadi atarudi akiapa kwamba ametii, na atakuwa anasema kweli. Tumbaku haihitaji mjadala.

Gharama ya kuchelewa inahesabika. Mgonjwa ambaye figo zake zimekoma huhitaji kusafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ni vipindi 156 kwa mwaka, saa 624, kabla ya kuhesabu safari na siku ambazo ndugu anayemsindikiza hakwenda kazini. Wengi hupunguza hadi mara mbili au moja kwa kukosa fedha, na walio karibu nao hudhani mashine ndiyo iliyowaua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa nani atagharimia matibabu makubwa kama haya, na mjadala huo ni wa lazima. Ni vigumu, hata hivyo, kuona mfuko wowote ukihimili idadi ya wagonjwa wanaokuja kama lango la mbele halilindwi. Mwezi Mei mwaka 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio la afya ya figo, linalozitaka nchi kuingiza kinga na utambuzi wa mapema katika mipango yao. Kwa Tanzania, maana ya azimio hilo katika ngazi ya wilaya inaweza kuandikwa katika mstari mmoja wa taarifa ya kila robo mwaka: asilimia ya wagonjwa wa presha na kisukari waliopimwa mkojo, na kreatinini kwa walioweza, ndani ya miezi 12 iliyopita. Mganga mkuu wa wilaya anayeulizwa namba hiyo kila robo mwaka atahakikisha vijiti vinaagizwa. Asiyeulizwa ana mengine mengi ya kuagiza.

Wapo watakaosema kwamba kupima watu wengi kutaibua wagonjwa wengi ambao hospitali haziko tayari kuwapokea. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama kila mwenye protini angehitaji bingwa wa figo, ambao bado ni wachache nchini. Wengi hawamhitaji. Wanahitaji presha ishuke, sukari itulie, dawa inayofaa ichaguliwe, dawa za maumivu ziondoke, na warudi kupimwa, na hayo yote humo ndani ya uwezo wa tabibu na muuguzi wa kituo cha afya. Wa kupelekwa mbele ni yule ambaye uwezo wake wa kuchuja umeshuka chini ya 30, au unashuka kwa kasi, au mkojo wake una damu isiyoelezeka au protini nyingi mno. Hao nao wakifika mapema, bingwa hupata muda wa kuandaa mshipa wa mkono kwa ajili ya mashine au kuzungumza na familia juu ya nani anaweza kutoa figo, badala ya kuingiza mpira wa dharura shingoni usiku wa manane.

Kwa upande wa mgonjwa, madaftari yale ya shule yanayotumika kliniki, yenye majalada yaliyochakaa kwa kubebwa mkobani, yana nafasi ya kutosha. Kila ukurasa umejaa presha, uzito na sukari. Mistari miwili zaidi kwa mwaka inatosha: protini katika mkojo, na uwezo wa figo kuchuja pamoja na tarehe. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza namba hizo, kuambiwa maana yake kwa Kiswahili, na kuondoka nazo, ili akihama Mbeya kwenda Tanga, au tabibu aliyemzoea akihamishwa, anayempokea aone namba za mwaka juzi na mwaka jana na aanzie hapo.